Jibu: Wapi pa kucheza sataranji Dodoma?

Mkuu, umeuliza kama kuna sehemu ya kucheza sataranji (chess) hapa mjini bila kujiunga na klabu. Ukweli, huku drafti ndiyo inayotamba. Pita Majengo jioni utasikia vizibo vya soda vikigongwa ubaoni. Usivipuuze vijiwe hivyo: ubao wao una vyumba 64, sawasawa na wa sataranji. Beba kete zako 32 kwenye mfuko, subiri wamalize gemu, omba ubao kwa adabu. Hivyo ndivyo nilivyompata mzee mmoja muuza kahawa, ambaye mpaka leo ananifunga kwa farasi wake wawili huku kashata iko mdomoni.

Jumamosi alasiri jaribu Nyerere Square, kwenye kivuli. Tandika ubao tu, wa kuuliza "hii nini?" hakosekani, naye ndiye mpinzani wako wa wiki ijayo. Ila upepo wa Dodoma unaujua, kete nyepesi za plastiki zitakutia aibu.

Kama uko upande wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), uliza wanafunzi wanaocheza Lichess, tovuti ya sataranji, kwenye simu, ni bure. Na pesa usiweke mezani kabisa.