Maswali na Majibu: Dume wa Clydesdale Atapita Kwenu Jumatano

Wiki iliyopita nilieleza matangazo ya madume wa Clydesdale, farasi wazito wa kulima, yaliyokuwa yakijaa kwenye magazeti ya Otago na Southland, kusini mwa New Zealand, mwishoni mwa karne ya 19. Majira ya kuchipua yakikaribia, tangazo lilitoka na picha ndogo ya farasi, jina lake kwa herufi nene, orodha ya mababu zake, ratiba ya vijiji atakavyopita msimu huo, na bei ya kupandisha. Nilidhani nimewachosha, kumbe ndiyo kwanza mmeamka. Najibu barua chache.

Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa. Kwetu jike ndiye anayepelekwa kwa dume la mbegu. Huko kwa nini dume ndiye aliyetembea? (Msomaji, Njombe)

Kwa sababu jike yuko kazini. Miezi hiyohiyo ya Septemba na Oktoba ndiyo ya kulima na kupanda oti, na farasi jike wa Clydesdale hakuwa wa kukaa zizini akisubiri mimba. Alifungwa pamoja na mwenzake wakavuta plau kutwa. Ukimtoa siku mbili kumpeleka mbali, jozi imevunjika na shamba limelala. Mwingine ana mtoto wa wiki moja anayemfuata nyuma. Ni nafuu farasi mmoja atembee kuliko themanini.

Lakini tazama ratiba yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu. Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hudumu siku tano, sita. Aliyezaa hurudi kwenye joto mapema mno, karibu siku ya tisa. Sasa dume akipita kijiji kilekile siku ileile ya kila wiki, ni vigumu jike kumponyoka. Jumatatu anatoka kwao, Jumanne analala kwenye hoteli ya njia panda, Jumatano yuko kwenu, Jumamosi jioni karudi. Jumapili hatembei. Wale walowezi walikuwa Waskoti wa kanisa huru la Kipresbiteri, na Jumapili yao haikuwa ya mzaha. Jike aliyepandishwa leo anajaribiwa tena wiki ya tatu. Akimkataa dume, mwenye jike anaanza kuhesabu miezi 11, na mtoto atazaliwa mwakani majani yakiwa mabichi.

Kumjaribu jike kulikuwa hivi (samahani kwa mnaosoma mkiwa mezani). Anasimamishwa nyuma ya ubao mzito, dume analetwa upande wa pili, pua kwa pua. Ambaye hayuko tayari analaza masikio, anapiga ukelele, anaupiga ubao mateke hadi vibanzi vinaruka. Aliye tayari anaegemea ubao na kuinua mkia. Hata huyo, wengi walimfunga miguu ya nyuma kwa kamba kabla ya kumruhusu dume, kwa sababu teke moja linaweza kumaliza mtaji wa mtu. Shikeni hilo la teke, nitalirudia.

Bei ilikuwa kiasi gani, na mwenye dume alilindwaje na wakwepaji? (Msomaji, Nakuru)

Mara nyingi ada ilikuwa kati ya pauni 2 na 5 kwa jike mmoja, ikapungua kidogo kwa mwenye majike kadhaa. Piga hesabu: majike 80 kwa pauni 3 ni pauni 240 kwa msimu, toa chakula, malazi na mshahara wa saisi, yaani mtunza farasi. Shilingi 5 za saisi zililipwa papo hapo, mara ya kwanza ya kupandisha. Salio lilingoja Januari au Februari.

Na hapo kwenye salio ndipo ujanja ulipoingia. Mkulima anapandisha Oktoba, Desemba anamuuza jike, Januari akidaiwa anasema, "Mimi sina farasi, nitajuaje kama alishika mimba?" Ndiyo maana matangazo yalibeba sharti ambalo mimi hulisoma nikicheka: jike atakayeuzwa au kubadilishwa atahesabiwa kuwa ana mimba. Lilikuwepo na la pili, kwamba majike watatunzwa vizuri lakini mwenye dume habebi dhamana ya ajali. Kila sharti la namna hii, ujue kuna aliyeumia kwanza.

Ile orodha ya mababu ilikuwa na maana yoyote, au ni mbwembwe za biashara? (Msomaji, Arusha)

Yote mawili. Clydesdale ni bonde la mto Clyde huko Lanarkshire, Uskoti, ambako majike wa kienyeji walipandishwa na madume walioletwa kutoka Flanders katika karne ya 18. Chama cha wafugaji kilianzishwa mwaka 1877, na kitabu cha kwanza cha nasaba kikatoka mwaka uliofuata. Tangu hapo kila farasi ana namba, na namba hiyo ndiyo mliyoiona kwenye mabano baada ya jina. Wawili walitajwa mno: Prince of Wales (673), aliyezaliwa 1866, na Darnley (222) wa 1872. Mkulima wa Otago hakuwahi kuwaona, lakini alizijua namba hizo kama mtoto wa madrasa anavyojua juzuu.

Sasa mbwembwe. Inaaminika kuwa huyo Prince of Wales mwenyewe alikuwa na damu ya Shire, farasi wa kazi wa Uingereza, kupitia kwa bibi zake. Mmiliki wake, Lawrence Drew, hakuona haya kuchanganya. Mwaka 1883 yeye na wenzake walianzisha kitabu chao pembeni. Kwa hiyo ukiambiwa "damu safi," uliza safi tangu lini.

Mimi ningeiweka karatasi mfukoni nikainama kutazama miguu. Farasi huyu ana urefu wa viganja 16 hadi 18 begani (kiganja kimoja ni inchi 4), na dume mkubwa hukaribia tani moja. Uzito wote huo unakaa juu ya kwato nne. Kwato nyembamba, mfupa unaoota pembeni juu ya ukwato, ngozi inayotoa majimaji chini ya zile singa ndefu za miguuni: hayo hurithiwa, au dume humpa mwanawe udhaifu unaoyaleta. Saisi hodari alizijua hila zote. Aliziosha singa kwa sabuni, akazisugua kwa unga wa mbao zikauke nyeupe, akasuka utepe kwenye manyoya ya shingo. Vikipendeza hivyo, macho ya mkulima hayafiki kwenye ukwato. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1918 ya kumzuia dume asiye na leseni kutembezwa kwa ajili ya kupandisha, na leseni ilitaka uchunguzi wa daktari wa mifugo.

Shikamoo mzee. Mbona kwetu Uasin Gishu, ambako nako kulikuwa na walowezi na ngano, babu alikuwa akisimulia maksai tu? (Kijana wa Eldoret)

Marahaba mjukuu. Babu yako alisimulia sawa. Makaburu waliohamia huko mwaka 1908 wakitokea Nakuru walivutwa na maksai, na plau zao za kwanza zilivutwa na maksai. Farasi Afrika ana maadui wawili: ndorobo, na ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, ambao humuua mnyama mwenye afya kwa siku chache. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipofika Tanganyika, farasi na nyumbu walikufa kwa makumi ya maelfu. New Zealand haina ndorobo wala ugonjwa huo. Tofauti ya mashamba hayo mawili iliamuliwa na wadudu.

Unaandika "wilaya ya walowezi" kana kwamba walikuta pori. Ardhi ilikuwa ya nani? (Msomaji, Zanzibar)

Swali la haki, na nilipaswa kulisema wiki iliyopita. Ilikuwa ya Wamaori wa Ngāi Tahu. Otago ilinunuliwa kwao mwaka 1844 kwa pauni 2,400. Eneo kubwa la Canterbury mwaka 1848 kwa pauni 2,000. Murihiku, yaani Southland, mwaka 1853 kwa pauni 2,600. Waliahidiwa ardhi ya akiba ya kuwatosha, pamoja na shule na hospitali, na ahadi hizo hazikutimizwa. Walidai kwa vizazi, hadi mwaka 1998 serikali ilipoomba radhi na kuwalipa fidia ya dola milioni 170 za New Zealand. Linganisheni pauni hizo za 1844 na hesabu ya farasi niliyoipiga hapo juu: ardhi hiyo ya Otago ilikwenda kwa mapato ya misimu kumi ya dume mmoja mzuri.

Ni hawa wanaovuta gari la bia kwenye matangazo huku Marekani? (Msomaji, Minneapolis)

Ndio hao. Budweiser waliwaingiza barabarani mwaka 1933, marufuku ya pombe ilipolegezwa.

Naishi Glasgow. Kuna mahali naweza kumwona mmoja wa madume hao wa zamani? (Msomaji, Glasgow)

Yupo, ila ni mifupa. Nenda Makumbusho ya Kelvingrove ukamuulize Baron of Buchlyvie. Alizaliwa mwaka 1900, akanunuliwa na wafugaji wawili kwa ushirika, kisha washirika wakagombana ni nani hasa mwenye farasi. Kesi ilipanda hadi Bungeni, kwenye baraza la malodi lililokuwa mahakama ya juu kabisa. Mwishowe akapigwa mnada mjini Ayr mwaka 1911, na mmoja wa wagomvi hao akaondoka naye kwa pauni 9,500, bei ambayo haikuwahi kusikika kwa farasi wa plau. Mwaka 1914 jike mmoja alimpiga teke, mguu ukavunjika, akauawa. Walimzika, baadaye wakamfukua wakaipanga mifupa. Usianze na kibao cha maelezo. Anza na miguu.