Usiishie Kusema "Tumbo Linaniuma"

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kutoka Morogoro. Ana miaka 23. Kila akiingia kwenye siku zake analala sakafuni na kutapika, na daktari kamwambia aache kudeka, akizaa litaisha. Niliposoma nilishikwa na hasira niliyodhani imeshapoa.

Maneno hayo nimeambiwa mimi kwa miaka tisa. Nimetibiwa U.T.I., vidonda vya tumbo, hadi amiba. Ultrasaundi ikatoka safi, na tangu hapo nikawa mgonjwa wa mawazo. Siku moja faili langu lilibaki wazi mezani, nikasoma mwandiko wa daktari: "Wasiwasi". Neno lenyewe limepigiwa mstari.

Mwezi uliofuata kaka yangu alinipeleka, maana kutembea peke yangu sikuweza. Akaeleza yaleyale niliyokuwa nikiyasema, tena akikosea tarehe. Daktari akaweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika rufaa. Mimi nimekaa katikati yao. Daktari yule nimemsamehe, lakini siku ile sijaisahau.

Mwaka jana nikafanyiwa upasuaji wa matundu madogo, wakaikuta: endometriosi. Tishu zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye ovari, mirija, hata utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wanaugua ugonjwa huu. Ultrasaundi ya kawaida mara nyingi haiuoni, kwa hiyo kipimo kikitoka safi bado unaweza kuwa unaumwa kweli. Mtangazaji Njambi Koikai wa Kenya, aliyefariki Juni 2024, ulimfika hadi kifuani, pafu likawa linasinyaa mara kwa mara. Aliusema ugonjwa huo hadharani miaka mingi, wasichana wengine wapate kusikilizwa.

Sasa dada zangu, andikeni. Mimi nilinunua daftari la kawaida: tarehe, saa, pedi ngapi zimelowa, dawa gani nimemeza na kama imetuliza. "Tumbo linauma sana" madaktari wamelizoea. Sema: "Nimekosa kazi siku tatu, nimetapika mara nne." Daktari akikataa kukupima, mwombe kwa heshima aandike kwenye faili kwamba uliomba, na sababu ya kukataa. Narudia, andikeni, hata mwezi ambao hamjaumwa sana. Mama zetu walifundwa kuvumilia, wakatufunda na sisi, tukaona kunyamaza ndiyo adabu. Hakuna adabu katika kulala sakafuni kila mwezi, na hakuna mtu wa kukuombea ruhusa ya kuumwa.

Mdogo wangu wa Morogoro, umesema miadi yako ni Jumanne. Ukiingia, mfungulie daftari, msomee mwezi uliopita wote, siku kwa siku, ndipo umwambie unataka rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Ukitoka tu, niandikie.