Jogoo wa mnada na banda la fundi

Kama umewahi kusali kwenye usharika wa kijijini, unajua kinachofuata baada ya baraka. Watu wanatoka kwa wimbo, wanazunguka uwanja, halafu mzee wa kanisa mwenye sauti kuliko wenzake anamnyanyua kuku miguu juu. "Jogoo huyo, elfu tano! Nani anaongeza?" Asiye na fedha taslimu ameleta alichonacho: mayai, ndizi, debe la mahindi. Mwenye fedha ananunua, mhasibu anaandika. Mimi minada hii naipenda, na huwa ina vicheko kuliko mahubiri yangu.

Jumapili moja ya Novemba 2009, mwaka wangu wa kwanza wa uchungaji, kwenye kijiji kimoja huku Njombe, nilimpandia dau jogoo mwekundu mpaka akafika shilingi 25,000. Kuku wa aina ile gulioni ungempata kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji mpya si mchoyo! Nikamshika jogoo wangu kwapani, nikasalimia watu mkono mmoja, nikaenda naye nyumbani.

Pembeni ya uwanja, ameegemea baiskeli, alikuwepo fundi aliyenijengea banda la kuku mwezi mmoja nyuma. Tulipatana 60,000 ya ufundi. Nikampa 20,000 siku ya kwanza, nyingine nikasema "mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi ukapita, posho kutoka usharikani ikachelewa, ilipofika nikaona kwanza niongeze magunia ya mkaa kabla mvua hazijakolea. Fundi nikikutana naye njiani namwambia, "Nakukumbuka, fundi, nakukumbuka." Yeye anajibu, "Haina shida, Mchungaji."

Kwa hiyo Jumapili ile jogoo wa 25,000 alilala kwenye banda la watu. Sikuliona hivyo. Usiku ule nilisali nikalala vizuri kabisa.

Baada ya Krismasi fundi akapotea kanisani. Januari nikaenda kumtembelea, nimevaa mabuti kwa sababu ya matope, nikiwa nimejiandaa kumhimiza juu ya kutoacha kukusanyika pamoja. Wakanikaribisha vizuri mno. Chai ya rangi, viazi vya kuchemsha vinatoa moshi. Nikamuuliza mbona haonekani. "Kazi zimebana, Mchungaji." Tukazungumza habari za mbao na bei ya misumari. Mke wake alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi vingine, hajasema neno tangu nilipofika. Nilipoinuka kuomba ndipo akauliza, kwa adabu kabisa, bila kuinua macho kwenye kisu chake:

"Na yule jogoo, Baba Mchungaji, banda linamtosha?"

Fundi akamkazia macho mkewe. Mimi nikabaki nimesimama na kofia mkononi. Sala niliyoomba siku ile siikumbuki hata neno moja.

Njiani narudi lilinijia andiko nililolihubiri mwenyewe miezi miwili kabla, Mathayo 5:23-24. Nilikuwa nimelihubiri kinyumenyume, na nadhani wengi tunalisoma hivyo. Tunasikia kwamba ukija madhabahuni na una kinyongo na mtu, nenda kwanza ukasamehe. Lakini lilivyoandikwa ni hivi: "ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako." Mwenye neno ni yeye, na mwenye kosa ni mimi niliyeshika sadaka. Mimi niliyekuwa nimemshika jogoo!

Kesho yake nikakopa kwa mwenzangu wa usharika jirani (ndiyo, nilikopa kulipa deni, sisifii), nikamrudia fundi na 50,000. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne; mimi sikufika huko, nilikuwa na 10,000 tu ya kuongezea kama fidia. Fundi akahesabu taratibu, akatoa noti moja akanirudishia. "Hii si yangu." Hakusema la zaidi. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani, benchi lake lilelile la nyuma.

Nimesimulia haya kwa urefu kwa sababu kila ninapoulizwa, hasa na vijana, "Mchungaji, nitaishije imani yangu siku za kazi?", wanategemea niwaambie habari za maombi ya alfajiri na kusoma Neno. Hayo yafanye, sina ubishi nayo. Ila ushauri wangu huanzia kwingine: tazama watu wasioweza kukudai. Fundi yule hakukosa mdomo. Angekuwa anamdai mwalimu au mwenye duka, angeshamfuata mlangoni mara tatu. Ila nani anakwenda kumdai mchungaji? Kijijini ataonekana hana heshima, tena ataonekana anapigana na Mungu. Cheo changu kilimziba mdomo, na mimi nikauhesabu ukimya wake kuwa uvumilivu wa Kikristo.

Wewe si mchungaji, lakini yupo mtu anayekuogopa au kukuheshimu kiasi hicho. Mara nyingi yumo ndani ya nyumba yako. Nimekaa kwenye usuluhishi zaidi ya mara moja kati ya familia zinazosali vizuri sana na dada wa kazi. Wimbo ni uleule: "Mshahara wake namtunzia." Anamtunzia miezi minane. Binti anataka kwenda kwao kumuuguza mama yake, mtunzaji hana hata nauli ya kumpa, halafu inageuka kuwa binti hana shukrani, alikuja hapa hajui hata kuwasha jiko la gesi. Kama kweli unamtunzia, mfungulie akaunti au laini ya simu kwa jina lake, namba ya siri aijue yeye. Ukishindwa hilo, mpe fedha yake mkononi mwisho wa mwezi hata kama ataitumia yote kwa mafuta ya nywele. Ni yake. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka kibarua alipwe jua halijachwa, na sababu yake inaniuma kila nikiisoma: kwa kuwa ni maskini, na moyo wake umeutumainia ujira huo.

Halafu kuna hii "njoo kesho" yetu. Tumeizoea mpaka imekuwa kama salamu. Mithali 3:28 imeitaja waziwazi: usimwambie jirani yako nenda, urudi, kesho nitakupa, na huku unacho kitu hicho karibu nawe. Tunaipaka na sukari ya dini: "Mungu akipenda kesho." Mungu hakuwemo kwenye mapatano yenu. Ukiwa huna, mfuate wewe kabla hajakufuata, mwambie huna, mpe tarehe, na tarehe ikifika hata kama una nusu peleka hiyo nusu. Mtu anavumilia sana akiambiwa ukweli. Kinachomchosha ni kupanda bodaboda mara nne kufuata hela yake.

Watoto wa kipaimara ndio walionifundisha sehemu ya pili ya jambo hili. Sisi Walutheri watoto wetu wanakariri Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, kitabu kidogo cha mafundisho ya msingi ya imani, cha mwaka 1529. Amri ya saba kwetu ni "Usiibe", na maelezo yake hayaishii kwenye kuchukua cha mtu. Yanataja pia kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na biashara ya ujanja, na yanatutaka tumsaidie jirani alinde mali yake na riziki yake. Siku moja nikawauliza darasani, nani amewahi kuona wizi wa namna hiyo? Kimya. Halafu binti mmoja wa miaka kama 13 akanyosha mkono: "Nyumbani tuna sado mbili. Ya kununulia na ya kuuzia."

Kwa asiyejua, sado ni lile kopo la plastiki la rangi linalopimia maharage na mahindi sokoni. Ya kununulia imetanuliwa kidogo kwa maji ya moto. Ya kuuzia kitako chake kimesukumwa kwa ndani. Binti alieleza kama anavyoeleza jinsi ya kusonga ugali, hakuna aibu yoyote, kwa sababu ndivyo alivyokuta. Nilifungua Kumbukumbu la Torati 25 tukasoma pale palipokatazwa kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Darasa likacheka. Aliyechelewa kucheka ni yule binti, na nikajuta kidogo. Ningepaswa kwenda kwa mama yake kimyakimya badala ya kumweka mtoto katikati.

Huku kwetu viazi mviringo ndiyo benki, na sado ya viazi inaitwa lumbesa. Gunia linajazwa, likishajaa linashonewa kichwa cha wavu juu yake kama kilemba, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria hairuhusu gunia la mazao kuvuka kilo 100, na maofisa wa vipimo hukamata mara kwa mara, lakini lumbesa bado ipo. Nimehubiri juu yake nikakasirikiwa na wafanyabiashara. Nikasema pia juu ya wakulima wanaoweka viazi vya golori katikati na vikubwa juu, wakanikasirikia wakulima. Wiki hiyo sadaka ilikuwa nyembamba.

Mnunuzi mmoja muumini wangu alinifuata nyumbani jioni. Hakuja kugomba. "Mchungaji, nikifunga gunia la kilo 100 peke yangu, mteja wangu wa Dar atasema ni dogo, ataenda kwa mwingine. Watoto wangu wanne wako shule. Nifanyeje?" Ningeweza kumwambia Bwana atafungua mlango. Sikumwambia, kwa sababu mlango ule sikuuona. Tulikaa na kikokotoo cha simu mpaka saa nne usiku. Mwishowe aliamua kununua mizani ya kuning'iniza, awalipe wakulima kwa kilo shambani, halafu huko mbele gunia lipangwe bei kwa kilo zake. Alipoteza mteja mkubwa mmoja, na msimu ule ulimtesa. Baadaye wakulima wakaanza kumtafuta wenyewe, wakawa wanamwekea viazi safi, lakini hakupata utajiri wa ushuhuda wa kusimama madhabahuni. Nawaambia watu hili mapema: ukinyoosha vipimo vyako, kuna mwaka utaumia. Anayekuhubiria kwamba hutaumia anakuuzia kwa sado ya kuuzia.

Kwa upande wa pili, wewe unayedai, dai. Wakristo tuna tabia mbaya ya kukopa kwa mpendwa mwenzetu kwa sababu tunajua atasamehe, na akiuliza tunamtazama kama amerudi nyuma kiroho. Kudai haki yako kwa lugha nzuri hakuondoi wokovu. Nikianza kazi na fundi siku hizi, namwambia siku ileile mbele ya mke wangu: andika bei, andika tarehe, tarehe ikipita nipigie simu, na nisipopokea mpigie Mama Mchungaji. Hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi.

Pesa ikiingia kimakosa kwenye simu yako, usiitumie, ila usikimbilie kuituma kwa anayekupigia huku analia pia. Angalia salio kwanza, halafu mwelekeze kwa mtandao wake wairudishe wao. Matapeli wanaijua huruma yetu.

Na nina daftari la shule, dogo, naliweka ndani ya Biblia ya mezani. Kila Jumamosi jioni, kabla sijamalizia mahubiri, naandika ninaodaiwa nao: mama wa maziwa, bodaboda wa Alhamisi, mwinjilisti aliyeninunulia vocha. Ninayeweza kumlipa usiku huo namtumia. Nisiyeweza nampigia. Kuna Jumamosi nimepanda kitandani saa sita kwa sababu ya daftari hili, na kuna mahubiri yamefupishwa nalo, jambo ambalo washarika hawajalilalamikia.

Jina la kwanza kabisa kwenye daftari bado halijakatwa. Nilipokuwa nasomea uchungaji Makumira, karibu na Usa River, kulikuwa na mama aliyeuza maandazi na chai kibandani. Alinikopesha mwaka wa mwisho mzima. Niliondoka nikiwa na mahafali kichwani na deni lake la shilingi 3,200 nyuma yangu. Niliporudi miaka kadhaa baadaye kibanda hakipo, pamejengwa fremu za maduka, na vijana walioko pale hawamjui. Jina lake kamili sikuwahi kuliuliza. Nimemwandika "Mama Maandazi". Nikipata safari ya Arusha huwa nashuka Usa River nauliza tena.