Kuchanja mbwa milimani: aanze kuchanjwa nani?

SWALI: Assalaamu alaykum daktari. Mimi ni msomaji wako wa Wete, nina diploma ya mifugo. Nimekubaliwa kujitolea wiki tatu kwenye mradi wa kuchanja mbwa huko Usambara, vijiji vya juu ambavyo vingine havina umeme. Chanjo nitazitunza vipi zisiharibike? Na sisi tuliolelewa kumkwepa mbwa, nikirambwa au nikiumwa nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Umeulizia chanjo ya mbwa, lakini mimi naanza na yako. Mtu anayekwenda kushika mbwa asiowajua achanjwe kichaa cha mbwa kabla hajasafiri: sindano moja, kisha ya pili baada ya siku saba. Ifuatilie mapema, usingoje mpaka ushakata tiketi ya boti. Ukiwa nazo hizo mbili halafu ukaumwa, bado utachomwa mbili za nyongeza, siku hiyohiyo na baada ya siku tatu, ila ile dawa ya kingamwili, ghali na adimu, hutaihitaji.

Kuhusu ubaridi, usidanganywe na hewa ya mlimani. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, na kuna mambo mawili ya kuyaogopa. La kwanza ni gari lililoachwa juani, hata Lushoto. La pili wengi hawalifikirii, nalo ni barafu yenyewe. Chanjo ya mbwa ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona safi kama maji. Tandika kitambaa baina ya barafu na vichupa, weka kipimajoto ndani ya deli, na mfunguaji wa deli awe mmoja. Upo utafiti wa 2016 ulioonyesha aina moja ya chanjo hii kuhimili nyuzi 25 kwa miezi sita. Ni habari njema kwa mkuu wa mradi. Wewe fuata kipimajoto.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko unavyodhani. Mbwa wengi wataletwa na watoto, wamefungwa kamba. Mwenye mbwa ndiye amshike, si wewe, na mkorofi afungwe mdomo kwa ukanda wa kitambaa. Inua ngozi ya nyuma ya shingo, choma chini ya mkunjo, sukuma mililita 1, mbwa awe mkubwa au mdogo. Kisha pitisha kidole pale ulipochoma. Manyoya yakiwa yameloa, sindano ilitokeza upande wa pili na dawa imemwagika nje, kwa hiyo huyo mrudie. Vitoto pia vichanjwe. Ukiviacha hutafikia asilimia 70 ya mbwa inayotakiwa kuukata ugonjwa. Pemba tunalijua hilo: kichaa kilitokomezwa 2014, kikaingia tena 2016 kutoka bara, kikatokomezwa tena 2018, na silaha ilikuwa hiyohiyo chanjo.

Sasa mate. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni suala la twahara, yaani usafi wa kidini, muulize sheikh wako. Mimi nasema la kitabibu: ukiumwa, au ukirambwa penye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili huku ukitazama saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Udongo usiupake kwenye kidonda kibichi. Ngozi nzima ikirambwa, osha tu, hakuna hatari ya kichaa. Glavu zitakupunguzia yote mawili, basi beba za kutosha.

Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, wengi hujichoma hapo.

Jambo jengine, mifugo si suala la Muungano. Bara wana Sheria yao ya Veterinari ya 2003 na Baraza lao, na mwenye diploma hufanya kazi chini ya daktari aliyesajiliwa. Kabla hujaondoka, waulize wenye mradi daktari huyo ni nani na kama atakuwapo kijijini siku za kuchanja. Wakibabaika kujibu, usipande boti.