Corolla ya injini ya 5A inakula oili, sili gani za valvu?

Mkuu, kama Corolla yako inakula lita nzima kila kilomita 1000, na asubuhi ukiwasha inatoa moshi wa bluu sekunde kadhaa halafu unakata, hapo mimi naanza na sili za valvu, zile raba ndogo zinazozuia oili isishuke kwenye shina la valvu; zikichoka oili inachuruzika usiku kupitia gaidi (bomba dogo ambamo shina la valvu linapita) inalala juu ya valvu, ukipiga stata inaungua yote kwa mkupuo. Ringi za pistoni zikichoka moshi unauona zaidi ukikanyaga mafuta kupanda mlima. Ila pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza usije ukashusha hedi, yaani kichwa cha injini, bure.

Sasa sili zenyewe: nyingi za bei chee ni mpira wa naitraili, unavumilia joto kama nyuzi 120 hivi, upande wa eksozi (moshi unakotokea) unakauka unakuwa mgumu kama kifuniko cha peni, mi nilifunga hizo nikadhani nimeokoa hela, miezi minane tu moshi huo ukarudi. Chukua za mpira wa vaitoni, zinafika nyuzi 200. 5A ina valvu 16, sili za inteki (hewa inakoingilia) na za eksozi zinatofautiana rangi, fundi asizichanganye.

Hedi ikishuka tikisa kila valvu kwenye gaidi, ikicheza sana pembeni badilisha gaidi pia, sivyo sili mpya hazidumu. Halafu wakati wa kufunga fundi apake oili na avishe ncha ya valvu kipande cha nailoni laini, vile vifereji vya loki (vipini vinavyoshika springi ya valvu) vinachana mdomo wa sili na huwezi kuona kwa macho.