Nepi mpya za pamba hazinyonyi? Zichemshe kwanza

Pole sana dada, najua inavyochosha mkojo ukiteleza juu ya nepi mpya na kumlowesha mtoto. Usizitupe. Pamba karibu yote ni selulosi, yaani kitu kinachojenga nyuzi za mimea, nayo hupenda maji, ila pamba ghafi imefunikwa na nta yake ya asili. Nta isipotolewa, maji hayapenyi. Za wanangu nilizichemsha nusu saa na sabuni ya unga kidogo, nikasuuza mpaka povu likaisha, nikaanika, nikarudia mara tatu. Dondoshea tone la maji: likizama papo hapo, ziko tayari. Dawa ya kulainisha nguo achana nayo kabisa, huacha utando wa mafuta kwenye nyuzi. Lebo ikisema ni poliesta tupu, yaani nyuzi za plastiki, kuchemsha hakutasaidia. Mtoto akitoka vipele visivyopoa, mpeleke kliniki.