Mwanangu, umeniuliza habari za ini

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema shemeji yako anayekaa kwenu amekutwa na TB, wewe na mumeo mkaandikiwa vidonge vya isoniazidi vya kujikinga, na nesi akasema wewe uliyejifungua juzi ndiye wa kuangaliwa ini kwa karibu kuliko mumeo. Ukauliza: kwani ini la mwanamke ni dhaifu?

Mfikirie kwanza mama yako mdogo. Unajua hapokei kidonge mkononi mwangu, hata panadol. Mlidhani ni kiburi. Si kiburi.

Mwaka 2006 yeye na baba yako mdogo walianzishiwa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, siku moja, dawa zilezile, nevirapini ikiwemo. Wiki mbili za mwanzo nevirapini mara moja kwa siku, kisha mara mbili. Baba yako mdogo CD4 zake, zile chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, zilikuwa 140, za mama yako mdogo 310. Nikafurahi, nikasema mdogo wangu bado ana kinga, huyu atanyanyuka upesi. Wiki ya tano akanipigia: chakula hakipiti, ndoo ya maji haiinui, mgongo umejaa vipele. Nikamwambia vumilia, dawa mwanzoni ndivyo zilivyo, mbona mwenzako anakula ugali na kunenepa? Akaenda hospitali, wakampa dawa ya malaria wakamrudisha nyumbani. Nilipofika Jumamosi nilimkuta uani kwenye mkeka. Nikamgeuza uso kwenye jua, nikamvuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole gumba. Njano, kama kiini cha yai la kienyeji. Mkojo wake ulikuwa chai ya rangi iliyokolea.

Nevirapini ilikuwa imemuumiza ini. Ikasimamishwa, akalazwa wiki tatu, Mungu akamrudisha. Baadaye alibadilishiwa, na dawa nyingine zikampenda.

Lakini mimi nilikuwa nesi! Nevirapini hiyohiyo niliwapa wazazi wodini kwa mkono wangu, kidonge kimoja tu uchungu unapoanza, kumkinga mtoto, na sikuwahi kuona jicho la njano. Ndiyo maana niliiamini. Sikujua kwamba kumeza mara moja ni jambo moja, na kumeza kila siku ni jingine kabisa. Onyo lilikuwa limeshatoka Marekani Januari 2005: mwanamke mwenye CD4 zaidi ya 250 asianzishiwe nevirapini, isipokuwa faida iwe kubwa kuliko hatari. Kwa mwanamume kikomo ni 400. Wanawake waliovuka 250, kumi na mmoja katika kila mia waliugua ini la dalili kabisa. Waliokuwa chini yake hakufika hata mmoja katika mia.

Kwa hiyo dhaifu? Kinga yake ndiyo iliyokuwa na nguvu, na nguvu hiyo ndiyo iliyoligeukia ini. Mumewe huenda aliponea kwenye zile 140 zake. Nimeligeuza jambo hili miaka yote. Kama ni kinga peke yake, mbona kikomo cha mwanamume kikawa juu? Labda ni mwili mdogo unaobebeshwa dozi ya mwili mkubwa. Tena kuanzia 1977 hadi 1993 mwongozo wa Marekani uliwaweka kando wanawake wa umri wa kuzaa kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa, basi nani angewajua? Halafu najipinga mwenyewe: amoksisilini yenye klavulaneti, ile antibiotiki, huwaumiza ini zaidi wanaume watu wazima. Kila dawa ina wa kwake. Ninachoshika ni kile nilichowaambia tangu mkiwa wadogo: kipimo cha kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa ameshajipima, mimi ndiye sikuyasoma majibu.

Isoniazidi huweza kuumiza ini la yeyote, na hatari hupanda kadiri umri unavyokwenda. Mwanamke aliye ndani ya miezi mitatu baada ya kujifungua hutakiwa apimwe ini kabla ya kuanza, kisha afuatiliwe. Nesi wako kasema kweli, mshukuru.

Ulimi unaniwasha nikuambie uache. Sisemi. Nimeona TB ya kichanga, na mjukuu wangu analala chumba cha pili kutoka kwa shemeji yako. Kama ingekuwa mimi peke yangu... hapana, sisemi. Uliza upimwe ini wiki hii, uliza na vitamini B6. Chakula kikikukinai, ukichoka bila sababu, ubavu wa kulia ukiuma au mkojo ukiiva rangi, usimeze cha kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mumeo asikupimie uchovu wako kwa mwili wake.

Nimemsomea mama yako mdogo ujumbe wako. Alinyamaza kitambo, kisha akasema atakupigia kwa video kila Jumapili asubuhi, usimame dirishani ayaone macho yako.

Mama